Koti la Dokta

Makamasi hayakuwahi kumtia kinyaa mwalimu wa chekechea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepangusa pua za watoto wa watu, amefua kaptula zilizolowa, amepokea matapishi viganjani akiwa na gauni jipya mwilini, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana bila kukunja uso. Waliomchefua ni watu wazima. Mtu mzima anayembana mtoto mashavu kwa sababu kamera imewashwa. Mtu mzima anayejifanya kucheka kitoto. Na zaidi ya wote, mtu mzima anayemsema mtoto mbele ya macho yake, kana kwamba mtoto ni stuli isiyo na masikio. Hao ndio waliomfanya ameze mate mazito na kutafuta dirisha lililo wazi.

Na shule ile ilikuwa imewajaa.

Ndiyo maana alipenda kona yake. Ilikuwa nyuma ya darasa, hatua nne kwa hatua tano, na ndani yake hapakuwa na kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekitamani. Boksi kubwa la friji lililotobolewa dirisha, ambalo leo ni duka, kesho ni basi, keshokutwa ni hospitali. Simu mbovu tatu. Sufuria iliyong'oka mkono. Mizani iliyokataa kurudi kwenye sifuri. Kipande cha pazia kilichokwisha kuwa maharusi, maiti na bahari. Na msumarini, shati jeupe la mtu mzima lililokatwa mikono, ambalo ndilo lilikuwa koti la daktari.

Sheria ya kona ilikuwa moja tu, na mwalimu aliitunga mwenyewe: mkubwa haingii mpaka apewe kazi. Ukiambiwa uwe mgonjwa, unalala. Ukiambiwa uwe mteja, unapanga foleni. Usipoambiwa kitu, unakaa kwenye kigoda chako nje ya mstari wa chaki, unafunga mdomo, unaandika.

Naye aliandika madaftari kwa madaftari. Aliandika kwamba Kibonge, mtoto mnene aliyeshindwa kuhesabu mpaka sita ubaoni, dukani alihesabu viazi vya mawe mpaka kumi na moja na akamkamata Chiriku ameficha kimoja kwapani. Aliandika kwamba Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alinyamaza dakika nzima alipopewa kazi ya kuwa mtoto mchanga. Watoto wakicheza, alisema mwalimu kila alipopata mtu wa kumsikiliza, ndipo wanapofanya kazi. Waliomsikiliza walitikisa kichwa kwa adabu kisha wakauliza watoto wataanza lini kuandika herufi.

Halafu akaja yule msichana.

Aliletwa na bibi yake mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa na miaka mitano, nywele zimesukwa vizuri, na mdomo haufunguki. Nyumbani alisema, bibi aliapa. "Nyumbani hanipi hata nafasi ya kupumua, mwanangu. Sijui huku anapatwa na nini." Shuleni hakutoa neno. Akiulizwa jina, anatazama viatu. Akiulizwa kama amekula, anatazama viatu. Mwalimu Mkuu alimpa jina la Bubu, na hakulitamka kwa kunong'ona. Mihula miwili ikapita hivyo.

Mpaka Jumanne moja mtoto huyo alipolichukua lile shati msumarini, akalivaa likamfika vifundoni, akashika kamba ya kiatu yenye kifuniko cha chupa, akambandika nayo Kibonge tumboni, akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyechoka na kazi:

"Umekula nini wewe? Usinidanganye. Tumbo limeshaniambia."

Mwalimu hakupiga makofi. Hakushangilia, hakumwita mtu, hakumkumbatia mtoto. Aliinamisha kichwa akaandika, na mwandiko wa ukurasa ule mpaka leo hausomeki. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Dokta. Akiwa ndani ya koti alifoka, alibembeleza, aliwachoma watu sindano kwa kalamu iliyokwisha wino na kuwakataza kulia. Koti likivuliwa, mdomo nao unatundikwa msumarini. Lakini wiki ya tatu, bila koti, alimvuta mwalimu gauni akasema, "Maji." Neno moja tu. Mwalimu akampa maji kama vile hakuna lililotokea, akaenda chooni, akalia.

Sasa mtu angetegemea mambo yaachwe yaende hivyo. Nani wa kuyaacha?

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa marashi. Ulimnusa kabla hujamwona, na ulimnusa nusu saa baada ya kuondoka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Yeye aliipenda shule yake. Aliipenda kwa nje, ilivyoonekana kutoka getini. Siku moja aliingia darasani, akasimama kwenye mstari wa chaki bila kuuona, akatangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo ni siku ya wazazi, kutakuwa na wageni, na siku hiyohiyo atafunga orodha ya watoto wanaopanda darasa la kwanza.

"Na huyu Bubu atarudi kwao," akasema. "Siwezi kumpandisha mtoto asiyesema. Bibi yake amtafutie pengine."

Dokta alikuwa chini pale, karibu na viatu vya Mkuu, anakata karatasi. Mkasi ukasimama.

Mwalimu akaliweka daftari chini. "Anasema, Mkuu."

"Anasemea wapi?"

"Kwenye kona."

Mkuu akaitazama kona, boksi na pazia na sufuria, akaziba pua kwa vidole. "Kwenye jalala hili? Haya, nionyeshe. Ijumaa nimsikie kwa masikio yangu mawili. Akisema, anapanda. Asiposema, barua ya bibi yake iko tayari mezani."

Kesho yake kona ikasafishwa. Boksi, simu, mizani, vyote vikabebwa na kutupwa nyuma ya jengo, ukutani, penye mapipa ya taka. Mahali pake pakawekwa hospitali ya plastiki iliyonunuliwa dukani: kitanda cha rangi ya waridi, sindano za waridi, na koti jeupe la kumetameta lenye moyo kifuani. Vyote ndani ya nailoni. "Wasiviguse kabla ya Ijumaa," Mkuu akaagiza, "vitachakaa." Kwa hiyo watoto ishirini na wawili wakakaa siku sita wakiitazama hospitali kama watu wanaotazama nyumba ya tajiri.

Kisha Mkuu akaleta karatasi. Alikuwa ameandika maneno ya mchezo. *Mimi ni daktari. Kazi yangu ni kutibu wagonjwa. Tunawashukuru wazazi wetu wapendwa kwa malezi bora.* Mwalimu aliisoma karatasi ile akasikia kichefuchefu cha kweli, kile cha tumboni. Watoto wa miaka mitano wasome risala! Mgonjwa, akiwa amelala na homa yake, awashukuru wazazi wapendwa! Alitaka kuichana palepale. Alitaka kumwambia Mkuu mahali pa kuitia.

Hakuichana. Aliifikiria barua iliyokuwa mezani, akamfikiria Dokta akitembea na bibi yake kurudi nyumbani saa nne asubuhi watoto wengine wakiwa darasani, akakunja ile karatasi vizuri, akasema, "Basi Mkuu, daktari awe yule wangu."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kupenda, na mtu anayekosea kwa kupenda ni vigumu kumzuia kwa sababu anajiona malaika.

Lile shati la zamani alikuwa ameliokoa pipani, akaliweka mkobani. Kila mapumziko, wenzake wakiwa uwanjani, alimchukua Dokta mpaka stoo, katikati ya mafagio na ndoo, akamvika shati, akachutama mbele yake.

"Sema: mimi ni daktari."

Siku ya kwanza alisema, kwa kunong'ona. Mwalimu akafurahi mno. "Kwa sauti sasa. Wageni watakuwa mbali." Siku ya pili midomo ilicheza tu, sauti haikutoka. Siku ya tatu hata midomo haikucheza. Mwalimu akamshika kidevu akamwinua uso. "Sema. Sema, basi! Juzi ulisema." Siku ya nne Dokta aliona shati linatolewa mkobani, akabana mikono mbavuni, akakataa kuvaa.

"Unaniaibisha," mwalimu akamwambia, pumzi zikimtoka puani. "Mimi ndiye ninayekupenda hapa, halafu wewe ndiye unanifanyia hivi?"

Kisha akageuka kutazama mlango, asije akawa amesikiwa.

Na jamani, mchana huohuo mwalimu huyu alipita ukumbini, akamwona Mkuu amemshika Chiriku bega anamkaririsha ile risala, akasonya. Akamwambia mwalimu mwenzake kwenye korido kwamba kuna watu hawapaswi kusogezwa karibu na watoto, kwamba anatamani kutapika. Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatoka stoo, hilo halikumpitia kichwani.

Ijumaa ikafika na uchafu wake wote. Watoto walipakwa rangi za midomo, hata wavulana. Baba mmoja alipanda juu ya kiti na viatu vyake ili apate picha nzuri, na waliokaa nyuma yake wakapiga picha za makalio yake. Simu zilikuwa juu kila upande. Kulikuwa na wazazi ambao mchana ule hawakuwaona watoto wao isipokuwa ndani ya kioo kile kidogo. Mkuu alisimama pembeni, anatabasamu kwa meno yote, huku midomo yake ikisema kimyakimya kila neno la watoto. Ukumbi ulinuka marashi na jasho. Mwalimu alikaa nyuma ya pazia la jukwaa, akamtafuta bibi. Bibi alikuwa safu ya tatu, mkoba juu ya magoti, mikono juu ya mkoba.

Nailoni ilikuwa imetolewa asubuhi hiyohiyo. Kibonge alilala kwenye kitanda cha waridi, miguu ikaning'inia. Dokta akasukumwa jukwaani ndani ya lile koti la kumetameta, kikaratasi cha dukani bado kimo kwenye ukosi kinamkwaruza shingo.

Akatazama viatu.

Ukumbi ukasubiri. Mtu akacheka kidogo, kwa upole wa kuudhi. Kibonge, Mungu ambariki, alijaribu kusaidia. "Dokta," akanong'ona bila kufumbua macho, "naumwa."

"Sema," mwalimu akanong'ona nyuma ya pazia. "Sema, basi. Sema!"

Dokta aliisikia sauti ile. Mabega yakampanda mpaka masikioni, akabaki hivyo.

Chiriku ndiye aliyeokoa jahazi. Alijitosa mbele akasema maneno ya daktari, akasema ya mgonjwa, akasema ya nesi, akawashukuru wazazi wapendwa mara mbili. Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Mkuu alimgeukia mwalimu, tabasamu likiwa palepale kwa ajili ya wageni, akainua unyusi mmoja tu. Safu ya tatu, bibi hakupiga makofi. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba.

Wakati wa soda na biskuti mwalimu alimtafuta Dokta. Ukumbini hayupo. Darasani hayupo. Akatoka mlango wa nyuma, wa kuelekea kwenye mapipa, na kabla hajakata kona ya jengo akasikia sauti ya mtoto inafoka.

Mvua ya jana yake ilikuwa imeyalowesha maboksi, yakavimba na kunuka. Nzi walikuwa wanakula maganda chini. Katikati ya hayo, mstari ulikuwa umechorwa ardhini kwa jiwe, na ndani ya mstari alisimama Dokta na gauni lake tu. Hakuwa na koti. Lile la kumetameta alikuwa amelivaa Kibonge, limemkaba kwapani. Chiriku alikuwa amekaa juu ya sufuria, na kipande cha boksi mkononi kikiwa simu, anapiga picha.

Dokta alikuwa na daftari la karatasi chakavu kwapani. Alichutama mbele ya Kibonge akamshika kidevu.

"Sema! Sema, basi. Kwa sauti! Wageni wako mbali."

"Mimi ni dak..." Kibonge akaanza.

"Hapana, usiseme!" Dokta akamkatiza. "Wewe ni mimi. Mimi sisemi." Akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Unaniaibisha. Mimi ndiye ninayekupenda hapa, halafu wewe ndiye unanifanyia hivi?"

Kisha akageuka, akatazama mlango, asije akawa amesikiwa.

Hata hilo alilikumbuka.

Mwalimu aliegemea ukuta. Kile kinyaa alichokijua miaka yote kilimpanda kutoka tumboni, kilekile, ladha ileile, ila safari hii hakikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia. Wazo la kwanza lilikuwa zuri: kamwite Mkuu, upesi, mtoto anasema, tena bila koti! Wazo la pili lilikuwa hili: Mkuu atasikia nini? Bibi atasikia nini? Akasimama pale akipima. Mtoto wa watu anasubiriwa na barua, na yeye amesimama kwenye maganda anapima sura yake! Alipojiona anapima, alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote wa marashi, na chuki hiyo ndiyo iliyomwinua miguu.

Alikwenda ukumbini, akamshika Mkuu mkono mbele ya wageni. "Njoo usikie. Lakini kimya." Akamwita na bibi. Mkuu alikuwa na bahasha mkononi tayari, kwa kuwa alikuwa anakwenda kumkabidhi bibi huyohuyo. Alipofika kwenye mapipa akaziba pua, akainua kisigino kutoka kwenye tope, na alipotaka kuvuka mstari mwalimu akamvuta nyuma. "Haturuhusiwi. Mpaka tupewe kazi."

Dokta akawaona. Mwalimu aliona mabega yanaanza kupanda, akajua mambo yamekwisha, amewaleta bure. Lakini mtoto aliwatazama mmoja mmoja, wakubwa watatu waliopangwa foleni nyuma ya mstari wamefunga midomo, na mabega yakashuka.

"Wewe," akamwambia mwalimu. "Njoo. Kibonge amechoka. Wewe uwe mimi."

Mwalimu akavuka mstari. Akapiga magoti juu ya boksi lililolowa, maji yakapenya gauni. Kibonge akamtupia koti la kumetameta mabegani. Dokta akamshika kidevu kwa vidole vinavyonata soda na makombo ya biskuti.

"Sema."

Mwalimu alikuwa na mengi ya kusema. Nisamehe lilikuwa la kwanza, limejaa mdomoni. Lakini alikuwa amepewa kazi, na kazi ilikuwa kutosema. Akatazama viatu.

"Sema, basi! Mimi ndiye ninayekupenda hapa, halafu wewe ndiye unanifanyia hivi?"

Nyuma ya mstari bibi alivuta pumzi. Mtoto hatungi maneno kama hayo. Bibi alilea watoto wanane, alijua. Akamtazama mwalimu aliyepiga magoti, akamtazama kwa muda, na mwalimu aliyahisi macho yale shingoni, palepale ambapo kikaratasi cha dukani kilikuwa kinamkwaruza.

Dokta akageuka. "Mkuu," akasema kwa sauti ya kazini. "Huyu hasemi. Arudi kwao?"

Mkuu aliondoa mkono puani. Aliitazama bahasha kama kitu alichokiokota njiani asijue ni cha nani, kisha akaisukuma ndani ya mkoba wake, chini kabisa.

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na wageni ndani yake. "Abaki. Atapanda na wenzake."

Mwalimu alimsikia. Hakuinuka, maana hajaambiwa ainuke. Nzi alimtua kwenye kope. Bibi alikuwa anajifuta macho kwa kiganja, harakaharaka, mtu asione.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Umeshinda. Twende nyumbani sasa."

"Bado, bibi," Dokta akajibu, bila kukiachia kidevu cha mwalimu. "Huyu bado hajasema."